Vilima Vilivyoikopesha Dunia Majina

Kaskazini-magharibi mwa Uganda, mto Nile unabanwa na miamba mpaka upana wake unabaki mita saba hivi, kisha unajitupa chini kwa kishindo. Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker alifika hapo, akayapa maporomoko jina la mzee mmoja aliyekuwa London: Murchison. Mzee huyo hakuwahi kukanyaga udongo wa Afrika Mashariki. Enzi za Idi Amin maporomoko yaliitwa Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza mpaka wakamkamata mwaka 1899 na kumpeleka uhamishoni Shelisheli. Amin alipoondoka, Murchison akarudi kwenye ramani, na yupo mpaka leo.

Nimeanza Uganda kwa makusudi. Roderick Murchison alijipatia umaarufu wake kwenye vilima vya wafugaji wa kondoo, mpakani mwa England na Wales, katika kaunti ya Shropshire. Huko jambo lilikwenda kinyume na lile la Nile. Mgeni hakuviachia vilima jina lake. Aliyaokota majina ya miji na vilima vya pale akayapeleka duniani, na leo mwanajiolojia wa Dodoma, Beijing au Lima akitaka kutaja kipindi fulani cha historia ya dunia, hana budi kutamka jina la mji mdogo wa Shropshire. Sura hii inahusu vilima hivyo: mawe yake, kazi zake, na watu ambao hawakuondolewa juu yake.

Tumalize kwanza habari ya kimo. Kilele kirefu kuliko vyote ni Brown Clee, mita 540. Kinafuata Stiperstones, mita 536, kisha Titterstone Clee, 533, na Long Mynd, 516. Mkazi wa Nairobi analala kila usiku kwenye kimo cha zaidi ya mara tatu ya hapo, na mtu wa Lushoto akishushwa Shropshire atauliza milima iko wapi. Jibu ni kwamba vilima hivi havipimwi kwa mita. Vimesimama peke yake, tambarare imevizunguka upande wa mashariki, na upepo wa magharibi huvipiga. Juu ya mgongo wa Long Mynd, mawingu yanaweza kushuka mchana kweupe mpaka mtu asione ncha ya fimbo yake. Wengi waliovidharau vilima hivi kwa udogo wake wamejuta, na mmoja aliyeponea chupuchupu tutakutana naye mbele.

Majina yenyewe ni historia tosha. Long Mynd maana yake ni Mlima Mrefu, lakini neno la kwanza ni la Kiingereza na la pili limetoka kwenye lugha ya Wales, kwa hiyo lugha mbili zilizopigania nchi hii kwa karne nyingi zimelala pamoja kwenye jina moja. Caer Caradoc, mlima ulio mkabala wake, ni Ngome ya Caradoc, naye ni yule chifu Caratacus aliyewapinga Warumi katika karne ya kwanza. Church Stretton, mji ulio bondeni kati ya milima hiyo miwili, una jina lililotokana na barabara ya Kirumi iliyopita hapo. Vibonde vyenye kingo kali vinavyoichana Long Mynd, kila kimoja na kijito chake, wenyeji huviita kwa maneno yao ambayo Mwingereza wa London hayatumii. Reli ilipofika mwaka 1852 wageni wa mijini walianza kuja kupunga hewa, wakaupa mji wa Church Stretton sifa ya Uswisi Ndogo. Sifa hiyo ilikuwa ya biashara, na mimi siipendi. Mahali penye majina mazuri namna hii hapahitaji kufananishwa na Uswisi.

Ukishuka treni Church Stretton, umesimama juu ya ufa wa ardhi. Msomaji wa kwetu akisikia ufa anaona Bonde la Ufa, ardhi ikiachana pande mbili. Huu ni wa namna nyingine: pande zake zimesuguana, zikapandishana na kuteremshana, zikatulia, zikaanza tena, kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Upande wa magharibi iko Long Mynd, tope na mchanga uliotuama zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, kisha ukageuka mwamba na kuinuliwa mpaka tabaka zikasimama wima kama vitabu rafuni. Upande wa mashariki iko Caer Caradoc, ambayo ni mwamba wa volkeno. Mtu anavuka barabara moja na reli moja, na amehama kutoka mawe ya aina moja hadi ya aina nyingine kabisa. Ardhi yenyewe, wakati mawe haya yanatengenezwa, ilikuwa mbali kusini ya ikweta. Imesafiri polepole mpaka ilipo sasa.

Lakini mahali ambapo msomaji wa pwani atajiona yuko nyumbani ni mashariki zaidi, kwenye Wenlock Edge. Hiki ni kilima chembamba kilichonyooka kwa kilomita 30 hivi, upande mmoja kimeteremka taratibu, upande wa pili kimekatika ghafla na kuvaa msitu. Kimejengwa kwa matumbawe. Miaka milioni 430 hivi iliyopita hapa palikuwa bahari ya joto, isiyo na kina kirefu, ng'ambo ya pili ya ikweta, na viumbe wake walijenga mwamba kama wanavyojenga leo nje ya Malindi na Mafia, ijapokuwa spishi zenyewe zilitoweka zamani. Ukivunja jiwe la Wenlock unakuta ndani yake tumbawe lenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, kombe la kale, vipande vya viumbe waliokuwa na shina kama ua.

Watu wa Kilwa, Lamu na Unguja walijenga misikiti na majumba kwa jiwe la matumbawe, wakachoma matumbawe mengine kupata chokaa ya kuyaunganisha. Watu wa Wenlock walifanya vivyo hivyo bila kujua kwamba wanatumia mwamba wa baharini. Nyumba ya watawa ya Much Wenlock, ambayo magofu yake bado yamesimama, ni ya jiwe hilo. Tanuu za chokaa zimejaa kando ya kilima. Tofauti ni kwamba sisi tulirundika magogo, wao walitumia makaa ya mawe, na chokaa yao ilikwenda pia mashambani, kupunguza ukali wa udongo. Sehemu nyingine ya jiwe hilo ilipelekwa kwenye tanuu za chuma za bonde la mto Severn: ukiliyeyusha jiwe la chokaa pamoja na mawe ya chuma, linakamata takataka zake zikaelea juu, na chuma safi kikabaki chini. Daraja la chuma lililojengwa huko mwaka 1779, kubwa la kwanza la aina yake duniani, lina matumbawe katika ukoo wake.

Hii ndiyo nchi aliyoingia Murchison mwaka 1831. Alikuwa askari mstaafu, mpenda uwindaji wa mbweha, na mkewe Charlotte ndiye aliyemsukuma aache kupoteza siku zake na ajifunze sayansi. Wakati huo hakuna aliyejua mpangilio wa mawe ya kale ya mpaka wa Wales. Hakuna, isipokuwa waliokuwa wakiishi juu yake. Katika kijiji cha Aymestrey, kusini kidogo ya Ludlow, kasisi kijana aitwaye Thomas Taylor Lewis alikuwa ameyatembelea machimbo ya jirani, akaokota makombe, akajua tabaka lipi liko juu ya lipi. Alimwonyesha mgeni. Murchison alitembea, akauliza, akaandika, akatoka na mfumo mzima: mwaka 1835 akauita Siluria, kwa jina la kabila la kale la Wales, na mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa. Tabaka zake akazipa majina ya mahali: Wenlock, Ludlow, Caradoc. Lewis alitajwa kwa shukrani. Sifa, vyeo na medali vilikwenda London.

Kutoka hapo Murchison alipanda mpaka kuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, akakikalia kiti hicho mara kadhaa. Alikuwa amekikalia wakati wasafiri Burton na Speke walipoondoka pwani yetu kuelekea Tanganyika mwaka 1857. Mwaka huohuo David Livingstone alitoa kitabu chake cha safari na kumtunukia yeye. Ndiyo maana Baker alipoona maji makubwa yakianguka, jina lilimjia haraka. Sijui njia nyingine ya kuuona wakati ule kwa uwazi kama huu: mtu yuleyule aliyejua kwamba kilima cha Shropshire kina jina lake na kwamba jina hilo linastahili kuheshimiwa, alikubali maporomoko ya Bunyoro yapewe lake.

Kabla ya wanajiolojia, watu wa vilima walikuwa na maelezo yao. Wrekin, mlima wa mita 407 uliosimama peke yake karibu na mto Severn, uliletwa na jitu. Jitu hilo lilikuwa na kinyongo na watu wa Shrewsbury, likabeba koleo la udongo likamwage mtoni ili mafuriko yauzamishe mji. Likapotea njia. Likakutana na fundi viatu aliyekuwa akirudi na gunia la viatu vibovu vya kushona, likamuuliza Shrewsbury ni umbali gani. Fundi akakisia kilicho ndani ya koleo. Akamwaga viatu vyote barabarani, akasema: tazama, hivi vyote nimevimaliza kwa kutembea toka huko. Jitu likakata tamaa, likatupa mzigo palepale, na hapo ndipo Wrekin ulipo. Tope lililokwanguliwa kwenye viatu vyake likawa kile kilima kidogo cha jirani. Mtoto wa kwetu aliyelelewa na hadithi za Sungura na Abunuwasi hahitaji kuelezwa kwa nini fundi viatu ndiye aliyeshinda.

Upande wa magharibi, kuelekea Wales, ardhi inabeba alama ya mfalme mmoja mwenye nguvu. Offa alitawala ufalme wa Mercia kuanzia mwaka 757 hadi 796, na jina lake limebaki kwenye tuta la udongo lenye handaki upande wa Wales, linalopanda na kushuka vilima vya Clun kana kwamba mchimbaji hakujua kuchoka. Sehemu yake ya juu kuliko zote iko Llanfair Hill, hapohapo Shropshire. Mfalme huyo aliacha pia kitu kidogo kinachonishangaza kuliko tuta lake. Ni sarafu ya dhahabu iliyomo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, iliyonakiliwa kutoka dinari ya khalifa al-Mansur wa Baghdad ya mwaka 157 Hijria. Shahada imo, kwa herufi za Kiarabu zilizochongwa na fundi ambaye hakuzielewa, na katikati yake yamepandikizwa kichwa chini maneno ya Kilatini yanayosema Mfalme Offa. Wakati tuta linachimbwa kwenye vilima hivi, fedha iliyoaminika duniani ilikuwa ya Waislamu, na hata mfalme wa Mercia alilijua hilo.

Sufu ndiyo iliyotajirisha nchi hii baadaye, na Stokesay, kusini ya Church Stretton, ni ushahidi uliosimama. Inaitwa kasri, lakini ni nyumba ya mfanyabiashara. Laurence wa Ludlow aliinunua ardhi mwaka 1281, na mwaka 1291 akapata kibali cha mfalme cha kuijengea ngome. Ukumbi wake mkubwa wa mbao na mawe haujabadilishwa sana kwa miaka zaidi ya 700. Mwenyewe hakuufaidi. Mwaka 1294 alisaidia kumpatia mfalme kodi mpya ya sufu, kodi ambayo mzigo wake uliwaangukia wafugaji kwa bei waliyolipwa, na mwaka huohuo meli yake iliyojaa sufu ikazama pamoja naye. Wafugaji walisema ni haki ya Mungu.

Sasa tupande Stiperstones, maana hapa ndipo vilima vinapokuwa na uso wa peke yake. Mgongo wake umeota miamba ya jiwe gumu jeupe iliyovunjikavunjika kama meno, na mmoja mkubwa unaitwa Kiti cha Shetani. Wenyeji walisema wingu likikaa juu yake, mwenyewe yupo kitini. Mwandishi Mary Webb, aliyezaliwa karibu na Wrekin mwaka 1881, aliiweka miamba hiyo kwenye riwaya zake, na kwa maoni yangu hakuna aliyeviandika vilima hivi kwa ujuzi kama wake. Mshairi A. E. Housman alivipa umaarufu zaidi kwa diwani yake ya mwaka 1896, lakini yeye alizaliwa kaunti ya jirani, akaviona vikiwa mstari wa buluu upande wa machweo, na mengi aliyaandika kabla ya kuvijua kwa miguu. Webb alijua udongo wake una harufu gani baada ya mvua.

Chini ya Stiperstones kuna risasi, ile metali nzito ya kijivu. Warumi waliichimba: kipande kilichoyeyushwa chenye jina la mfalme Hadrian kilipatikana huku. Mgodi wa Snailbeach ulikuja kuwa kati ya migodi tajiri ya risasi katika Ulaya kwa ukubwa wa eneo lake. Wachimbaji walijenga vibanda kwenye ardhi ya malisho ya wote, na kuna mila iliyosemwa pande zote za mpaka wa Wales kwamba aliyejenga nyumba usiku mmoja, moshi ukatoka kwenye bomba kabla ya jua kuchomoza, haondolewi. Alichimba risasi mchana, akafuga ng'ombe mmoja na kupanda viazi kwenye ubavu wa mlima. Nyumba chache za namna hiyo zimehifadhiwa pale Blakemoorgate, vyumba vidogo ambavyo familia nzima iliishi.

Asubuhi ya tarehe 6 Machi 1895, wanaume saba waliingia kwenye kizimba cha kushukia mgodini Snailbeach. Kamba ikakatika. Wote saba walikufa. Majengo ya mgodi yamekarabatiwa, wageni wanaonyeshwa mashine na kupewa helmeti, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini kila anayetembea pale akumbuke kwamba chini ya miguu yake kuna shimo lililomeza wanaume saba kwa dakika moja. Watu wa huku walikuwa na imani kwamba Edric, bwana wa Kisaksoni aliyewaasi Wanormani baada ya mwaka 1066, bado yuko hai ndani ya migodi pamoja na mkewe na askari wake, na kwamba vita ikikaribia anatoka akipanda farasi kuelekea upande adui atakakotokea. Wachimbaji waliosikia mwamba ukigonga gizani walisema ni wao.

Nimeahidi habari ya mtu aliyeponea chupuchupu. Alikuwa kasisi Donald Carr, wa kijiji cha Woolstaston, upande wa mashariki wa Long Mynd. Alihudumia pia kanisa la Ratlinghope, upande wa pili, kwa hiyo kila Jumapili alivuka mlima kwenda na kurudi, na njia aliijua kama sebule yake. Jumapili ya tarehe 29 Januari 1865 theluji ilikuwa imeanguka kwa wingi usio wa kawaida. Alikwenda. Waumini wachache waliofika Ratlinghope walimsihi alale. Akakataa, kwa sababu ibada ya jioni ilikuwa inamngoja nyumbani.

Juu ya mlima tufani ilimfunika. Alipoteza mwelekeo, akaporomoka kwenye bonde lenye kingo kali, kichwa kikitangulia, akatambaa akatoka, akaporomoka tena kwenye jingine. Kofia ikaenda, glovu zikaenda, kisha buti. Alitembea usiku kucha akiwa na soksi juu ya theluji na vichaka vya miiba, kwa sababu alijua kwamba akiketi atalala, na akilala hataamka. Kulipokucha weupe wa theluji ulikuwa umemharibu macho, haoni. Akafuata kijito kwa kusikia sauti yake, akapita kwenye poromoko la maji, akaendelea kushuka. Mwishowe akasikia sauti za watoto. Alikuwa amefika Carding Mill, bonde la kinu cha sufu juu kidogo ya Church Stretton. Aliwaita. Watoto walipomwona mtu aliyeganda barafu kichwani, hana buti, anapapasa hewa, walipiga kelele wakakimbia. Akawaita tena akieleza yeye ni nani, na wakarudi. Zaidi ya saa 20 zilikuwa zimepita. Miezi michache baadaye alichapisha kitabu kidogo cha usiku huo, na kinasomwa mpaka leo. Kila ninapokumbuka kisa hiki, moyo wangu unabaki kwa mtoto wa kwanza aliyegeuka nyuma.

Ratlinghope hiyohiyo ndiko alikozikwa Richard Munslow, mkulima aliyefariki mwaka 1906, anayetajwa kuwa mla-dhambi wa mwisho wa England. Kazi ya mla-dhambi ilikuwa kula mkate na kunywa pombe mbele ya maiti, akizichukua dhambi za marehemu juu yake ili roho ipumzike. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya maskini wa mwisho kabisa, aliyelipwa senti na kuepukwa. Munslow hakuwa maskini. Alikuwa na shamba lake, na alikuwa amezika watoto wake wadogo. Mwaka 2010 kaburi lake lilikarabatiwa na ibada ikafanywa.

Habari za Much Wenlock nazisema kwa furaha zaidi. Daktari wa mji huo, William Penny Brookes, aliyezaliwa 1809, aliamini kwamba mfanyakazi wa shamba anahitaji kitabu na mchezo kama tajiri anavyovihitaji. Mwaka 1850 akaanzisha Michezo ya Olimpiki ya Wenlock: mbio, mpira, kuruka, na hata mbio za akina mama wazee wakigombea ratili ya chai. Haikuwa ya mabwana peke yao. Mwaka 1890 Mfaransa kijana, Pierre de Coubertin, alikuja kuitazama, mji ukamfanyia sherehe, na mzee akamweleza ndoto aliyokuwa nayo kwa miaka mingi, ya michezo ya mataifa yote pale Athens. Brookes alifariki Desemba 1895, miezi minne tu kabla ya Athens. Mwaka 2012, Olimpiki ilipofanyika London, katuni yake ya nembo iliitwa Wenlock. Ni kwenye michezo hiyo David Rudisha wa Kenya alipokimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mtoto wa Kilgoris na daktari wa Wenlock hawakujuana, lakini mmoja alikimbia kwenye njia ambayo mwingine alianza kuisafisha.

Sasa nifike kwenye lile linalonigusa zaidi. Mwaka 1958 vilima hivi, eneo la kilomita za mraba 800 hivi, vilitangazwa kuwa mandhari ya kulindwa kwa sheria. Hakuna mkulima aliyeondolewa. Mashamba yalibaki ya wenyewe, makanisa na baa vikabaki, na juu ya Long Mynd, ambayo shirika la National Trust liliinunua mwaka 1965, wafugaji wameendelea na haki yao ya kale ya malisho ya pamoja. Kila shamba lina idadi yake ya kondoo. Hakuna ua. Kondoo jike anamfundisha mwanawe kipande chao cha mlima, naye atamfundisha wake, na mpaka unatunzwa na kumbukumbu ya wanyama. Kondoo walipozidi, hetha ikaanza kufa. Hetha ni kichaka kifupi, jamaa ya vile ambavyo mpandaji wa Kilimanjaro huvikuta akishatoka msituni, na mwezi wa Agosti huigeuza Long Mynd yote rangi ya zambarau. Dawa iliyotafutwa ilikuwa kukubaliana na wafugaji wapunguze mifugo na walipwe kwa hasara.

Mwaka huohuo wa 1958, chini ya taji hilohilo, wazee wa Kimaasai walitia sahihi hati ya kuiacha Serengeti, na sheria ya 1959 ikakamilisha kazi. Waliambiwa kwamba wanyamapori na ng'ombe wao hawawezi kukaa pamoja. Serikali ileile, nyumbani kwake, ilikuwa imeona kwamba mlima bila mfugaji si mlima uleule. Wanaopanga hifadhi zetu leo wangefanya vyema kwenda Shropshire kabla ya kwenda kwingine. Si kwamba huko kila kitu ni salama. Ndege aina ya sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda na sauti inayoliza mtu, anazidi kupungua, kwa kuwa nyasi zinakatwa mapema na mbweha anafikia mayai. Wakulima wenyewe ndio wanaosaidia kulinda viota.

Msimu wa kiangazi, chini ya hetha huiva tunda dogo la buluu iliyokaribia weusi, na ulimi wa anayelila unageuka rangi kama wa mtoto aliyetoka chini ya mzambarau. Zamani familia za wachimbaji zilipanda mlima zima zima, na watoto wakiwemo, zikachuma siku nzima na kuuza, na fedha hizo ndizo zilizonunua viatu vya shule vya majira ya baridi. Matunda bado yapo na watu bado wanachuma, ingawa sasa ni kwa ajili ya keki ya Jumapili.

Kazi aliyoianza Murchison iliendelea baada yake. Wanajiolojia wa dunia walipokaa kuigawa Siluria kwa usahihi zaidi, waliamua mwaka 1980 kwamba mwanzo wa zama za Wenlock upimwe kwenye kingo za kijito cha Hughley, chini ya Wenlock Edge, na mwanzo wa zama za Ludlow kwenye machimbo madogo ya msituni karibu na mji huo. Zama hizo zikagawanywa tena, na moja ya sehemu zake, yenye mawe kuanzia China hadi Kanada, ikapewa jina la Homer. Wengi hudhani ni yule mshairi wa Kiyunani. Homer hii ni kitongoji cha nyumba chache, mwendo mfupi kaskazini ya Much Wenlock, na jina lake walilitoa wakazi.